Mama Profesa na Paja Nililoahidi

Shida yangu ilianza mwaka wa 1973, nikiwa na miaka kumi na mmoja. Baba alikufa kwa homa katikati ya mvua, nikaacha shule darasa la tatu, na muda si mrefu nilikuwa nyuma ya baiskeli yake, ile ambayo sisi wa Katanga tunaiita kinga, nikisukuma makala, yaani mkaa, kutoka upande wa Kapolowe hadi Likasi. Nasema kusukuma. Kinga ya makala haipandwi. Unaifunga magunia mpaka huoni mbele, mkono mmoja unashika usukani, mwingine unashika mti uliofungwa nyuma ya kiti, unainama, na kazi yote inabaki kwa mapaja. Majira ya samaki nilifika hadi ziwa la Tshangalele. Watoto wengine walirithi nyumba. Mimi nilirithi mapaja. Naanza hapo usije ukacheka kabla ya wakati wake, maana ninayemwandika hapa ni mwanamke aliyetaka kipande cha paja langu.

Jina lake sitaandika. Liko kwenye vitabu vya wazungu, wanaovisoma watalikuta huko. Sisi wa Panda, mtaa wa Likasi, tulimwita Mama Profesa. Alizaliwa wapi, ukoo wake upi, waulize wanaopenda koo. Mimi nilimjua siku alipohamia nyumba inayotazamana na depo langu la makala, na tangu hapo ilikuwa miaka ya kuonana kila asubuhi ambayo hakuwa kazini Lubumbashi, mimi nikipima magunia, yeye akitafuta miwani iliyokuwa kichwani mwake.

Kitu cha kwanza ulichoona kwake ni mwendo. Alitembea kama mtu anayevuka maji yaliyomfika magotini. Akifika kwenye ngazi, alishika goti kwa mkono, akalisukuma chini, ndipo mwili ukapanda. Kitu cha pili ni macho. Alikuja kununua makala, mimi nikajitwika gunia, na badala ya kutazama gunia akatazama miguu yangu.

“Papa, uko na miaka ngapi?”

“Sitini inakaribia.”

“Na unabeba namna ile?”

“Mama, weye unataka makala ao unataka minye?”

“Makala nimeshaona,” akasema. “Nataka kujua ile mapaja inakulaka nini.”

Mke wangu alikuwa ndani akichambua sombe, majani ya muhogo. Sauti ya majani ilikatika. Usiku ule niliulizwa maswali ambayo sikuwahi kuulizwa tangu tuoane. “Ule mama,” aliniambia, “anaangalia mapaja yako kama muntu anachagua mbuzi ya Noeli.” Nilimwambia ni mtu wa sayansi. Akajibu kwamba hata wachaguaji wa mbuzi wanajua kazi yao.

Kazi yake alinieleza mwenyewe, amekaa juu ya gunia, kwa sababu kiti changu cha depo ni changu.

“Papa Makala, mwili yako iko na seli mingi, bintu bidogo-bidogo. Kila moja iko na kitabu ndani. Kitabu ile ile moja. Seli ya paja iko nayo, seli ya damu yenye kulinda mwili iko nayo.”

“Kama kitabu ni moja, juu ya nini paja haiko damu?”

Alipiga makofi kama nimemletea zawadi. “Voilà! Ile swali njo kazi yangu. Paja inafungua kurasa za kuvuta na kusukuma. Balinzi ba mu damu banafungua kurasa za kupigana. Zingine zinabaki zimefungwa. Minye natafuta nani anafungua, nani anafunga.”

Nikafikiri. Nikamwambia hayo ni mambo ya umeme. Waya ni ule ule kutoka kwenye mtambo, lakini jioni Panda giza na mjini taa, kwa sababu kuna mtu kwenye kabine anayekata na kurudisha. “Unatafuta muntu wa kabine.”

“Karibu,” akasema. “Mais kabine yangu haina muntu moja. Iko na bantu mingi, na banagombana.”

“Basi ni sawa na kabine yetu.”

Nilipenda sana mfano wangu. Juma hilo nilimweleza kila mteja kwamba mimi na Profesa tumegundua mtu wa kabine. Siku moja alinikuta katikati ya maelezo, akasimama nyuma ya wateja mpaka nikamaliza, halafu akasema kwa sauti ya darasani kwamba robo tatu ni uongo. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Angeweza kukusahihisha hata ukimsalimia. Lakini yeye mwenyewe, ukimuuliza jambo, mara nyingi jibu lilikuwa “minye sijui,” na alilisema kwa furaha, kama mtu anayetaja mali yake. Hilo lilinikera. Mimi nikisema sijui bei ya makala, nani atanunua? Yeye alilipwa mshahara wa chuo kikuu cha Lubumbashi kwa kutojua.

Usidhani alikuwa mtu wa kuogopwa. Bukari, ugali wetu, haikumkubali. Aliweka maji, akamwaga unga, akakumbuka jambo, akaenda kuandika. Tukisikia harufu ya kuungua avenyu nzima, tulijua sayansi inaendelea. Mke wangu, aliyemshuku kwa ajili ya mapaja yangu, ndiye aliyeanza kumpelekea sahani iliyofunikwa. “Mugonjwa halali na njaa,” alisema, na kweli alikuwa mgonjwa.

Hakuficha. Mapaja yake yalikuwa yakikonda mwaka hadi mwaka. Alinieleza bila kushusha sauti, kama anazungumza juu ya paa linalovuja. “Balinzi bangu baliingia mu paja, banapiga mwenye nyumba. Bakipiga kelele, paja inaogopa, inafunga kurasa yake moja-moja. Ikifunga yote, inakufa.”

“Na dawa?”

“Kwangu imechelewa. Minye sitafute dawa yangu, natafuta jibu.”

“Minye ningetafuta dawa.”

“Hiyo njo maana weye unauzisha makala.”

Nilimnunia. Akaja kuomba msamaha, akamaliza kwa kusema lakini ni kweli.

Sasa sikiliza kinyume chake kikubwa. Mtu huyu wa nyama na damu aliogopa damu. Kuku wa sikukuu alichinjiwa na jirani, yeye amejifungia chumbani na redio juu. Siku moja aliniomba nimsindikize kwenye machinjio, kwa sababu alitaka kujaribu vyombo vyake kwa nyama ya mbuzi kabla ya nyama ya mtu. Akamwambia bucha:

“Nataka nyama ya paja, yenye ingali na moto. Kidogo tu, kama ukucha.”

Bucha akanitazama mimi, akamtazama yeye. “Mama, uko na wageni ngapi?”

“Hakuna wageni. Ni ya kuangalia.”

“Ya kuangalia na ya kukula, bei ni ile ile.”

Kisu kilipoinuka, Mama Profesa aligeuka akanishika mkono, akafumba macho mpaka nilipomwambia imekwisha. Njiani nilimcheka. Akasema kwenye darubini damu haina harufu.

Kabla ya nyama ya mtu, nimesema. Ndilo lililokuwa neno lake kwangu kila mwezi. Alitaka kujua kwa nini kwa wazee wengine walinzi wanavamia mapaja, na kwa wengine wanakaa nje kwa amani na paja linaendelea kufungua kurasa zake. Huko Ulaya alikofanya kazi zamani alikuwa amepewa nyama ya wazee, lakini ni wazee waliokaa kwenye viti maisha yote. Alihitaji waliosukuma, waliobeba, waliochimba. Kipande kidogo kama punje ya mchele, kwa sindano, hospitalini, na daktari. Chake mwenyewe alikuwa ameshatoa, wa kwanza. Alinionyesha kovu, na mke wangu akasimama hapo hapo kulitazama naye.

“Bado kidogo nitaenda pansheni,” aliniambia. “Chumba cha kazi watapewa wengine, na wengine bako na maswali yao. Kama sipate bantu ba hapa mbele ya siku ile, swali yangu itaisha na minye.”

Nilikataa. Nilimweleza vizuri. Nyumba ya kwanza ilitoka kwenye paja la kulia. Kinu cha unga kilitoka kwenye paja la kushoto. Lori lilitoka kwa yote mawili. Anayeomba kipande cha paja langu anaomba kipande cha mali yangu, na mali yangu sikupewa na mtu. Alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, na mwezi uliofuata akauliza tena.

Basi ikafika habari ya kilio, ambayo watu wa Panda wanaisimulia vibaya. Mimi nilikuwepo.

Mama Profesa aliamua kuwaita wazee wote siku ya Jumamosi, awaeleze wote kwa pamoja. Akamwendea Papa Bashi. Huyu anakodisha turubai, sisi tunasema bashi, pamoja na viti na masufuria makubwa. Akamwambia: nataka bashi uani kwangu, viti vingi, chai na bukari kwa watu wengi, na uweke alama kwenye kona ili wasipotee. Kisha akapanda gari kwenda Lubumbashi kazini, arudi Jumamosi mchana.

Sasa, Papa Bashi maisha yake yote amekodisha bashi kwa jambo moja: kilio. Ukimwambia bashi, viti, masufuria na alama barabarani, hakuulizi nani amekufa. Hiyo ni heshima ya kazi yake. Alfajiri akafunga bashi. Akawasha gogo la moto la kukesha. Kwenye kona akasimika matawi ya mchikichi, kama tunavyofanya kuonyesha njia ya nyumba yenye msiba. Halafu akakaa kwa huzuni.

Nilipofungua depo nikaona matawi. Nikaona moshi. Nikaona bashi. Mlango wa Mama Profesa umefungwa, na mle ndani anaishi peke yake. Nikapiga simu yake, imezimika. Ulitaka nisome chuo gani ndipo nielewe? Niliweka mikono kichwani nikalia palepale kati ya magunia. Mke wangu akatoka, akatazama ng’ambo ya barabara, akajitupa chini.

Kufikia saa sita uwanja ulijaa. Wamama wa kanisa walikuja na unga, vijana wa machimbo wakaja na kuni, kwaya ikaja na ngoma zake. Kila mtu alijua kifo chake. Mmoja alisema ni ajali ya barabarani. Mwingine alisema alifia hospitali ya Lubumbashi, mikononi mwa binamu yake. Wa tatu alikuwa ameuona mwili. Mtu akatangaza kwamba mwili unakuja na gari mchana, na mpaka leo hakuna aliyekubali kwamba ndiye aliyetangaza.

Kwetu, maiti halali bila watani. Mtani wa kabila lake ni lazima aje amcheke marehemu, amwige, ili waliao wapumzike. Mtani wa Mama Profesa, na wangu pia, alikuwa mama mmoja anayeuza munkoyo, kinywaji cha mahindi, kwa ndoo, na ulimi wake ni mkali kuliko munkoyo ya siku ya nne. Mama Munkoyo alijifunga kitenge kiunoni, akavaa miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kichwani, akaanza kutembea kati ya viti kama anavuka mto.

“Miwani yangu iko wapi? Nani aliiba miwani yangu? Ah! Bukari inaungua! Mwacheni iungue, niko nafikiri!”

Watu walicheka huku kamasi zikiwatoka. Akawapitia wazee, akainama mbele ya kila mmoja, akitazama miguu. “Hii paja ya kukaa. Hii ya kunywa. Hii… mupe mbwa.” Akafika kwangu. Akasimama muda mrefu, akapiga magoti. “Ii Baba! Hii njo paja! Papa Makala, unipe kidogo, hata supu tu!”

Wote wakanigeukia. Nikasimama, jirani wa mlango kwa mlango, nikavua kofia.

“Mama huyu,” nikasema, “aliniomba kitu kidogo kama punje ya mchele. Nikamunyima. Sasa nasema mbele yenu na mbele ya Mungu: kama angefufuka leo, ningemupa paja nzima. Na mufupa.”

Kilio kilipanda mpaka bashi likatikisika. Mke wangu alinishika mkono kwa fahari. Nilikaa moyo wangu ukiwa mwepesi, maana sijawahi kutoa ahadi nzuri namna ile kwa bei ndogo namna ile.

Taksi ikasimama kwenye lango.

Mlango ukafunguliwa, goti likasukumwa kwa mkono, na Mama Profesa akashuka. Kwaya ilikatika katikati ya neno. Papa Bashi alianguka na kiti chake. Upande wote wa kushoto ulipita kwenye ua wa jirani bila kutafuta mlango. Mzee mmoja, ambaye tangu nimjue hakuwahi kwenda chooni bila fimbo, aliruka ukuta. Baadaye Mama Profesa aliniambia huyo ndiye aliyemtaka kuliko wote, na hakumpata tena.

Yeye aliona umati tu. Uso ukamwangaza.

“Karibuni sana! Sikuwazia mutakuya bengi hivi!” Akafungua mikono. “Musiogope. Haiumi. Nataka tu kakipande kadogo ka paja ya kila mumoja.”

Waliokuwa wamebaki wakaondoka. Tukabaki wanne: mimi na mke wangu, kwa kuwa miguu yetu ilikataa, Papa Bashi aliyenaswa na kiti, na Mama Munkoyo na miwani yake miwili.

“Prof,” Mama Munkoyo akauliza, “weye ulikufa ao haukufa?”

“Kufa? Nani alikufa?”

“Weye.”

“Minye? Lini?”

“Asubui.”

Akatazama bashi. Akatazama gogo la moto, matawi, masufuria. Akamtazama Papa Bashi. Halafu akakaa kwenye kiti cha kwanza akacheka mpaka ikabidi mke wangu ampige mgongoni. Alipopata pumzi aliuliza, “Na mulilia?”

“Sana.”

“Nani alilia kupita bote?”

Mama Munkoyo alinyoosha kidole. Na kwa kuwa mtani hana huruma, alimweleza neno kwa neno, kwa sauti yangu, na kofia yangu mkononi: paja nzima, na mufupa.

Mama Profesa aliacha kucheka. Alinitazama kama alivyonitazama siku ya kwanza, lakini safari hii machoni.

“Mufupa sina kazi nayo,” akasema.

Sasa hesabu hasara yake. Kabla ya Jumamosi ile wazee walimkataa kwa kuogopa sindano. Baada ya Jumamosi walimkataa kwa sababu alikuwa amefufuka na neno lake la kwanza lilikuwa kuomba nyama ya watu. Hakuna aliyekubali. Daktari wa hospitali alimwachia chumba siku za Alhamisi, na Alhamisi zikapita, yeye na daktari wakitazamana. Pansheni ilikuwa inakaribia.

Mimi nilikuwa na hoja yangu, na mpaka leo naiona ni nzuri: ahadi niliyompa maiti ni ya maiti, aliye hai aanze upya. Lakini Mama Munkoyo alipita mbele ya depo kila asubuhi na ndoo kichwani.

“Papa Makala! Ile paja ingali yako?”

Wateja walicheka. Vijana wa machimbo waliokuja kununua gunia waliuliza kama ni pamoja na mfupa. Mke wangu akasema, “Bwana, enda. Nimechoka kuitwa bibi ya paja.”

Si hayo yaliyonimaliza, hata Mama Munkoyo akijisifu. Siku moja mchana nilimwona Mama Profesa amekaa kwenye ngazi ya mlango wake. Alitaka kusimama. Akashika nguzo, akasukuma goti, akashindwa. Akapumzika, akatazama barabara kama mtu anayefurahia upepo, akajaribu tena. Nilivuka nikamwinua. Nimebeba magunia maisha yangu yote, najua uzito. Yule alikuwa mwepesi kuliko gunia la vumbi la makala. Alisema asante, akaingia ndani. Hakuniomba kitu. Mwezi ule hakuniomba.

Alhamisi nilikuwa hospitalini kabla ya daktari.

Mama Profesa alinisomea karatasi yote ya ridhaa polepole, halafu akanilazimisha niirudie kwa maneno yangu. Niliruka sehemu moja. Akanirudisha.

“Sema: naweza kukatala.”

“Najua.”

“Sema, Papa.”

“Naweza kukatala.”

“Sasa?”

“Sikatale.”

Daktari akanichoma ganzi, akaingiza sindano yake nene. Nilisikia kama mtu anavuta uzi ndani ya godoro. Kisha nikasikia kishindo. Mama Profesa, aliyekuwa amegeukia ukuta, alikuwa ameona tone la damu kwenye glovu. Mimi niliyetobolewa ndiye niliyeshuka kitandani kumpepea kwa kofia.

Alipoamka nilikiona kile kipande. Nilikasirika.

“Ni hii tu?”

“Ni hii.”

“Miaka yote ile, juu ya hii? Ukate ingine. Hii itanipatisha haya.”

Hakukata nyingine. Niliomba basi jina langu liandikwe kwenye kichupa, kwa herufi kubwa. Akasema sheria hairuhusu jina, ni alama tu. Nikamwambia sheria hiyo ilitungwa na mtu mwenye mapaja mabaya.

Juma lililofuata Mama Munkoyo alikwenda, kwa sababu hangeniacha nijivune peke yangu. Alirudi akitangaza kwamba chake kilikuwa kikubwa kuliko changu. Basi na wengine wakaenda, wanaume kwa wanawake, kila mmoja akitaka kulinganisha. Hivyo Panda ilitoa nyama, kwa kushindana. Papa Bashi naye alitoa, kama fidia.

Nimemwona mara moja tangu ahamie Lubumbashi karibu na watoto wa dada yake. Kiangazi kilichopita alinipigia simu. “Papa Makala, kuya. Kuko kintu chako cha kuangalia.” Nikavaa koti, nikaenda.

Nilimkuta amekaa chini, mlangoni mwa jengo la chuo, fimbo mbili mapajani. Chumba chake cha kazi, ambacho pansheni ilikuwa bado haijakichukua, kilikuwa orofa ya tatu. Lifti ya jengo sijui kama iliwahi kutembea, na siku ile hata umeme ulikuwa wa jenereta. Wanafunzi wake wawili walisimama naye.

“Enda nabo,” akasema. “Batakuonyesha.”

“Na weye?”

“Minye sijapanda tangu mvua. Bananionyesha mu telefone.”

Nilivua koti nikampa mwanafunzi. Nikampa Mama Profesa mgongo, nikachuchumaa.

“Papa, haifai!” mwanafunzi akasema. “Mzee, utaanguka!”

“Kijana, nilibeba makala mbele baba yako hajajua kutembea. Mama Prof, panda.”

Akapanda. Mikono yake shingoni, fimbo zake zikinigonga magoti. Orofa ya kwanza alikuwa akitoa amri.

“Polepole. Kushoto. Usinigongeshe ukuta kama gunia.”

“Gunia halisemi.”

Orofa ya pili aliegemeza kidevu begani mwangu. Nilisikia pumzi yake sikioni. Orofa ya tatu mapaja yangu yalikuwa yanawaka moto, na sikusimama, kwa sababu wale vijana walikuwa nyuma yangu wakihesabu ngazi.

Aliketishwa mbele ya darubini. Akatazama kwanza yeye, muda mrefu, mpaka nikakohoa. Akanipisha. Nikaweka jicho. Ndani ya kisahani niliona nyuzi, zimelala sambamba kama katani iliyochanwa. Nikataka kusema haya, nimeona. Ndipo uzi mmoja ukajikunja. Ukanyooka. Ukajikunja tena.

“Nani anatikisa meza?”

“Hakuna muntu anatikisa.”

“Basi nani anaiambia?”

“Hakuna. Tuliiamsha, tukaipa chakula, ikafungua kurasa yake yenyewe. Hiyo njo paja yako.”

Nilitazama tena. Kazi ile naijua. Ni kuinama, kusukuma, kupumua, kusukuma.

“Inasukuma kinga,” nikasema.

Kulikuwa na kisahani kingine pembeni. Nikaomba kukiona. Humo nyuzi zilikuwa nyembamba, chache, zimelala. Nilingoja. Hazikutikisika.

“Na hii ya nani?”

“Hii yangu.”

Nilivua kofia, kama siku ile ya kilio. Yeye ndiye aliyenigonga bega.

“Usifanye ile sura, leo sijakufa. Nilikuwa natafuta nani anafunga kurasa: sasa najua nusu. Nimejua kwa sababu visahani hivi viwili tuliviweka pamoja, tukalinganisha yako na yangu. Nusu ingine,” akawaelekea wanafunzi, “ile ni yenu. Na mukiijua, musikuje kuniambia mbele hamujahakikisha.” Kisha akaguna. “Tushuke. Niko na njaa.”

“Weye haushuke,” nikamwambia. “Weye unashushwa.”

Akacheka mgongoni mwangu hadi chini.

Leo nina nyumba mbili Panda, za matofali ya kuchoma. Nina depo la makala. Nina kinu cha unga. Nina lori moja linalotembea likipenda. Nina mke mmoja na kiti changu cha depo. Nina kinga ya baba, imetundikwa ukutani, haiuzwi. Na nina kipande cha paja Lubumbashi, orofa ya tatu, bila jina. Kinafanya kazi.